Mkono na Vumbi: Umbo la Popo na la Kangaga Kisiwani Pemba

Bawa la popo wa Pemba ni mkono wenye vidole vitano. Kila aliyesoma baiolojia ya sekondari analijua hilo, lakini kulijua si kuliona. Anayetaka kuliona aende Vitongoji, mashariki ya Chake Chake, msimu wa maembe, magharibi ikishaingia, asimame chini ya mwembe wenye matunda na atulie. Popo hafiki mtini kama afikavyo kunguru. Hulivamia tawi, hulidaka kwa kucha za miguu, mwili ukaning'inia kichwa chini, na kwa kitambo kidogo kabla hajakunja mabawa, ngozi hupenywa na mwanga uliobaki na mifupa yote ikaonekana. Kidole gumba ni kifupi, kimeachwa nje ya ngozi, kina ukucha uliopinda wa kupandia na kushikia tunda. Kidole cha shahada kimo ndani ya ngozi, lakini nacho kina kijiukucha nchani, alama ambayo popo wadogo wanaokula wadudu hawana. Vidole vitatu vilivyobaki ni virefu kupita kiasi, vyembamba, na havina kucha kabisa. Kazi yao imebaki moja, nayo ni kuitandaza ngozi.

Ngozi yenyewe inaanzia begani, inapita mbele ya mkono mpaka karibu na gumba, inajaza nafasi zote baina ya vidole, kisha inashuka kutoka kidole cha mwisho hadi kwenye kifundo cha mguu. Mkia hakuna. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya pili ni karibu mita 1.6, na bado popo mzima ana uzito wa nusu kilo hivi. Manyoya ya mwili ni hudhurungi inayoelekea rangi ya chungwa bivu, ilhali mabawa, pua na masikio ni meusi. Macho ni makubwa. Popo huyu hatafuti njia kwa mwangwi wa sauti yake kama wale wanaokaa mapangoni. Anaona na ananusa, na uso wake mrefu umejengwa kwa kazi hizo mbili.

Sasa tushuke pwani. Upande huu wa Pemba si wa vilima na udongo mwekundu wa mikarafuu kama upande wa magharibi. Ni nchi ya mawe ya matumbawe, udongo mwembamba, na maji ya mvua yanayopotea upesi ndani ya mawe. Pale maji hayo matamu yanapochirizika kukutana na ya chumvi, nyuma ya mikoko, pwani zetu huota kangaga kubwa ambalo wataalamu wa mimea huliita Acrostichum aureum. Halina ua wala tunda, na shina lake limo topeni. Kinachosimama ni majani tu, yanayotoka mahali pamoja kwa wingi, na jani moja hufikia mita 3. Kila jani lina uti mmoja mnene, na kwenye uti huo vipande vya jani vimepangika huku na huku, vigumu kama ngozi iliyotiwa dawa, kila kimoja kikifuata umbo la mwenzake. Jani changa hutoka likiwa limejiviringa, ncha ikiwa ndani kabisa, likafunguka pole pole kuelekea juu.

Nimeamua kuyasoma maumbo haya mawili kwa njia ileile ambayo mhakiki hulisomea shairi, yaani kuanza na fani kabla ya kuuliza maana. Pemba ni kisiwa cha washairi. Kamange na Sarahani walitunga na kujibizana hapa katika karne ya 19, na anayewasoma hujifunza upesi kwamba mizani, vina na mpangilio wa mishororo ndivyo vinavyolibeba wazo. Naamini maumbile nayo yanasomeka hivyo. Umbo la kiumbe limebeba habari za safari yake, chakula chake, uzazi wake na hatari zake, na habari hizo zimeandikwa mahali ambapo jicho linaweza kufika bila hadubini, au karibu bila hadubini. Nimechagua popo na kangaga kwa sababu kwa mtazamo wa kwanza vinafanana kwa namna inayomvuta msomaji. Vyote viwili vina uso mpana uliokazwa juu ya mifupa au mishipa myembamba. Vyote viwili hujikunja na kujikunjua. Vyote viwili ni vya kale kwa kipimo cha binadamu. Mfanano huo ukishamvuta msomaji karibu, ndipo anapoona kwamba karibu kila kitu ndani yake kinapingana.

Kangaga ni takriri. Ukikata kipande kimoja cha jani katikati ya uti, ukakiweka mezani kando ya kipande cha juu yake au cha chini yake, itakuwia vigumu kusema kipi kilikaa wapi. Jani zima limejengwa kwa mstari mmoja uliosemwa tena na tena, kulia na kushoto, mpaka kimo kitimie. Kwa hiyo kangaga halidhuriki sana kwa kupungukiwa. Mbuzi akila vipande vitatu, vingine vinaendelea na kazi ileile. Jani likivunjika, shina la chini lina jingine njiani.

Mkononi mwa popo hakuna takriri hata mahali pamoja. Vidole vitano vinatofautiana kwa urefu, na kazi ya gumba si ile ya vidole virefu. Sehemu ya ngozi iliyo mbele ya mkono huinuliwa na kushushwa ili hewa ipite vizuri juu ya bawa. Iliyo baina ya vidole ndiyo inayovuta mbele. Ile pana iliyo karibu na ubavu ndiyo inayobeba uzito. Tundu dogo katika ngozi hupona, tena mapema kuliko mtu anavyotarajia. Lakini kidole kirefu kikivunjika, bawa zima linaweza kushindwa kazi, na popo asiyeruka hana siku nyingi. Huu ni utunzi ambao kila neno linategemea neno jingine, na ukiondoa moja ubeti hausimami.

Kuna tofauti nyingine iliyofichika katika namna vinavyojikunja. Popo hukunja na kukunjua bawa maisha yake yote: akila, akilala, akijipepea mchana wa jua kali, akimfunika mtoto. Viungo vyake vimetengenezwa kwa kurudia. Jani la kangaga hukunjuka mara moja tu. Kujiviringa kwake ni hatua ya ukuaji. Likishafunguka, halirudi tena. Kwa hiyo takriri ya kangaga imo katika mwili, na takriri ya popo imo katika mwendo. Nadhani hapa ndipo maumbo haya yanapogusana kweli, ingawa kwa kupishana. Kila kimoja kimepata njia ya kurudia jambo bila kulichosha, kimoja mahali, kingine wakati.

Sehemu ya fani ya kangaga ninayoipenda kuliko zote iko juu, karibu na ncha. Pindua jani lililokomaa uangalie mgongo wake. Vipande vya chini ni kijani kitupu, laini, pande zote mbili. Ukipanda na uti, ghafla vipande vichache vya mwisho vinabadilika: mgongo wake wote umefunikwa na kitu cha rangi ya kutu, kama mahameli, kutoka ukingo hadi ukingo. Makangaga mengi mengine hupanga vifuko vya spora kwa nukta au mistari. Hili halipangi; limejaza uso mzima. Mistari yote ya chini ilikuwa ya chakula na mwanga. Ya mwisho ni ya uzazi. Mtu wa ushairi ataitambua kazi ya kikomo: mshororo usiofuata wenzake, uliowekwa mwishoni kwa sababu ndio unaoondoka na msomaji.

Ndani ya mahameli hayo kuna vifuko vidogo mno, na kila kifuko kimezungukwa nusu na mkanda wa seli zenye kuta nene upande wa ndani na nyembamba upande wa nje. Mvua ikikatika na jua likipiga, maji ndani ya seli hizo hupungua. Kuta nyembamba huvutwa ndani, mkanda unanyooka na hata kupinda kinyume, kifuko kinapasuka, na mkanda unabaki umekazwa na maji yaliyosalia. Yanapofika kikomo cha kuvumilia mvuto, viputo hutokea ndani ya seli, na mkanda unarudi kwa kishindo katika muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, ukizirusha spora hewani. Katika makangaga mengi kila kifuko hubeba spora 64. Vifuko katika jani moja havihesabiki kwa macho. Mashine yote hii haina msuli hata mmoja, na nguvu yake ni ukavu tu.

Weka kando ya hapo mguu wa popo. Anaponing'inia, hatumii nguvu kushika. Uzito wa mwili wenyewe huvuta kano, kano hufunga kucha, na kadiri anavyolegea ndivyo anavyoshikwa. Ndiyo maana popo hulala akiwa ananing'inia bila kuanguka. Ukavu unafungua kifuko cha kangaga, uzito unafunga ukucha wa popo. Sijui mfano bora wa jinsi umbo linavyoweza kulifanya jambo la kawaida kabisa, kama vile kukauka au kuwa mzito, likafanya kazi badala ya jasho.

Spora ikitua haizai kangaga. Hili ndilo linalowashangaza wanafunzi, na lina haki ya kuwashangaza. Spora ikipata unyevu huota kijimmea cha kijani, chembamba, chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kilicholala juu ya tope. Hicho ndicho chenye mbegu za kiume na mayai. Mbegu za kiume huogelea, kwa hiyo lazima pawe na tabaka la maji juu ya tope, tena yasiwe na chumvi nyingi. Yai likirutubishwa, ndipo kangaga la mita 3 linapoanza. Mmea tunaouona ukisimama bila woga kwenye maji ya chumvi una ujana ambao hauwezi kuishi bila mvua ya masika. Ni kiumbe chenye miili miwili, na mmoja kati yake karibu hakuna anayewahi kuuona.

Popo ana mwili mmoja, na mtoto mmoja kwa mwaka. Mama humbeba kifuani hata akiwa angani katika wiki za mwanzo, na mtoto hushika manyoya kwa kucha zilezile, gumba na miguu, nilizozieleza. Uzazi huu umo kwenye fani ya bawa. Chombo kilichopimwa kubeba nusu kilo hakiwezi kuongezewa watoto wawili. Yeyote atakayepima uso wa ngozi na uzito wa mwili angeweza kukisia, kabla ya kuambiwa, kwamba huyu si mnyama wa kuzaa kwa wingi.

Na sasa safari. Pemba imetengwa na bara kwa mkondo wa bahari wa kilomita 50 hivi, na kina chake hufikia mita 800 hivi. Unguja na Mafia zimewahi kuunganika na bara pale bahari iliposhuka wakati wa enzi za barafu, Pemba haikuunganika. Viumbe vingi vya nchi kavu vilivyopo hapa vimevuka maji, au vimevushwa. Tukitazama mabawa ya mita 1.6 na vumbi la rangi ya kutu, tungedhani bawa ndilo linalomaliza dunia, na vumbi linabaki palepale lilipoangukia. Ukweli ni kinyume. Popo huyu, ambaye Paul Matschie wa Berlin alimpa jina la kitaalamu Pteropus voeltzkowi mwaka 1909 kwa heshima ya Alfred Voeltzkow aliyetembelea kisiwa hiki, haishi popote duniani isipokuwa Pemba. Jamii yake ina spishi zaidi ya 60, zimetapakaa Asia, Australia na visiwa vya Pasifiki na Bahari ya Hindi, na hakuna hata moja iliyohamia bara la Afrika. Wale wa Mafia ni spishi nyingine, yenye ndugu Komoro na Shelisheli. Kangaga letu, kwa upande mwingine, Linnaeus aliliandika mwaka 1753, na spishi hiyohiyo inaota Florida, Karibi, Afrika Magharibi, Asia ya kusini na visiwa vya Pasifiki.

Kwa hiyo chenye bawa kimekuwa cha Pemba peke yake, na kisichokuwa na bawa kimekuwa cha dunia nzima. Umbo linaeleza kwa nini. Spora ni nyepesi, nyingi, na hazichagui: kaskazi na kusi huzipeleka bila kuzuia, kizazi baada ya kizazi, na kila zinapotua huja na damu ileile ya mbali. Mahali panapopokea wageni kila mwaka hapapati nafasi ya kuwa tofauti. Bawa la popo lina usukani. Mwenye bawa anachagua, na chaguo lake kubwa ni kurudi kwenye mti wake na kundi lake. Wazee wa popo hawa walivuka bahari mara chache mno, pengine mara moja tu iliyofanikiwa, kisha uwezo wa kwenda ukatumika kwa kurudi. Ndani ya kurudi huko ndimo Upemba wake ulimotengenezwa.

Mpapindi ni ushahidi wa upande wa mimea. Mti huu mdogo wa msituni, wa jamii ya minazi, nao ni wa Pemba peke yake, kwa sababu hauna vumbi. Una tunda lenye mbegu nzima, na mbegu nzima haivuki bahari kila mwaka. Basi linaloamua ni namna ya kusafiri, iwe ya mnyama au ya mmea.

Usomaji wa umbo una mpaka wake. Hakuna kitu ndani ya bawa kinachoweza kutueleza bunduki na nyavu. Mwaka 1989 waliokuja kumtafuta popo wa Pemba walikuta wachache mno, na mwaka 1996 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka kwenye daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Vijiji vilianzisha klabu za popo katikati ya miaka ya 1990, Kidike ikawa mahali watu wanapowalinda na kuwaonyesha wageni, na kufikia 2008 walikuwa kiasi cha 20,000, daraja lao likashushwa. Hiyo ni kazi ya watu, na watu hao wanastahili sifa yake yote. Lakini fani inatueleza kitu kimoja kuhusu kazi hiyo ambacho takwimu hazisemi: kila popo katika hao 20,000 alizaliwa peke yake, akabebwa peke yake. Hakuna mwaka wa bahati unaoweza kuwarudisha kwa mkupuo.

Na umbo la popo halijitoshelezi. Bawa, pua na ulimi vimetengenezwa na miti. Makangaga yalikuwapo zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kabla ua la kwanza halijachanua. Ndiyo maana hayamhitaji mnyama yeyote kuyachavulia wala kuyasambazia. Mabaki ya kale zaidi ya popo yana miaka milioni 52 hivi, na popo walikuta dunia imejaa maua na matunda. Msufi huchanua usiku na maua yake hutoa asali kwa wajao gizani. Mkuyu huzaa tunda laini ambalo popo hulibana mdomoni, akameza maji, akatema makapi, na mbegu ndogo zikaenda naye mbali. Ukilichora bawa bila kuuchora mti, umechora nusu tu.

Hapa ndipo ninapoona hatari ya kuisifu Pemba kwa ukijani wake. Waarabu waliiita kisiwa cha kijani, na bado ni kijani. Lakini msitu mwingi uliondoka karne ya 19 kupisha mikarafuu, hasa baada ya tufani ya 1872 kuangusha ile ya Unguja, na Ngezi, mabaki makubwa zaidi, ina hekta 1,440 hivi. Popo walipokuwa wanakwisha, kisiwa hakikubadilika rangi hata kidogo. Macho yaliyozoea kuhesabu kijani yasingeona lolote.

Kangaga lenyewe linaweza kudanganya hivyohivyo. Linapenda jua. Penye mikoko iliyofunga vizuri hubaki pembeni, vishada vichache tu. Mikoko hiyo, kama mkandaa na mchu, ikikatwa kwa kuni na boriti, mwanga hufika topeni, nalo hujaa upesi mpaka likasimama ukuta mzima, zuri, la kijani, linalopitiwa na upepo. Chini yake miche ya mikoko hukosa mwanga na nafasi. Kangaga halina kosa. Shina lake hushika tope lisichukuliwe na maji, na linafanya kile ambacho umbo lake limefanya tangu zamani. Ila anayetaka mkandaa urudi hulazimika kulifyeka kwanza, kupanda, kisha kulifyeka tena na tena miche ikingali midogo, kwa sababu shina la chini linatoa upya mstari uleule.